Kanabidioli kwa mtoto mwenye kifafa cha kijeni: kuipima, kuinywesha na kuifuatilia

Kanabidioli iliyopitishwa rasmi kutibu kifafa Marekani na Ulaya ni dawa ya maji inayouzwa Marekani kwa jina Epidiolex, na Uingereza na nchi za Ulaya kwa jina Epidyolex. Kila mililita ina miligramu 100 za kanabidioli iliyosafishwa kutoka kwenye mmea wa bangi, ikiwa ndani ya mafuta ya ufuta, pamoja na alkoholi kidogo, sukralosi ya kutia utamu na ladha ya stroberi. THC, ile inayolevya, huondolewa hadi mabaki yake yasizidi asilimia 0.1. Marekani iliiruhusu Juni 2018 kwa sindromu ya Dravet na sindromu ya Lennox-Gastaut, aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, kisha Julai 2020 ikaongeza tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kijeni unaoleta uvimbe kwenye ubongo na viungo vingine, ambao madaktari huuita kwa kifupi TSC. Ulaya iliiruhusu Septemba 2019, na kwa Dravet na Lennox-Gastaut ikaweka sharti kwamba itolewe pamoja na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa.

Maelezo haya ni ya mzazi au mlezi ambaye daktari wa neva wa mtoto ameshaiandika dawa hii, au anafikiria kuiandika. Inapomshinda mtoto, mara nyingi chanzo ni bomba la kupimia, sahani ya chakula, au dawa nyingine ambazo alikuwa anazitumia tayari. Hayo matatu ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

KABLA YA DOZI YA KWANZA

Anza na orodha ya dawa zote anazotumia mtoto, hata za mafua na za kienyeji. Kama ana Dravet, ambayo kwa wengi hutokana na hitilafu kwenye jeni ya SCN1A, tazama kama kwenye orodha hiyo kuna kabamazepini (wengi wanaijua kwa jina Tegretol), okskabazepini, fenitoini au lamotrijini. Dawa hizi hufunga njia za sodiamu kwenye seli za neva, na kwa mtoto wa Dravet njia hizo tayari ni dhaifu mahali zinapohitajika zaidi, kwa hiyo dawa inayowasaidia wengine humzidishia yeye kifafa. Kumwongezea kanabidioli juu ya kabamazepini ni kutia maji kwenye pakacha. Mwulize daktari kwanza kuhusu kubadilisha, na usiikate mwenyewe kwa siku moja, maana kuacha ghafla dawa yoyote ya kifafa kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Inafaa kulitaja hili kwa sababu Dravet huanza mwaka wa kwanza wa mtoto kwa mishtuko mirefu wakati wa homa, na kwetu jambo hilo huitwa degedege na kuachwa hapo. Degedege ya kawaida ya homa huwa fupi na hutikisa mwili mzima. Inayorudi tena na tena, inayodumu zaidi ya robo saa, inayoshika upande mmoja wa mwili leo na upande wa pili mara nyingine, au inayokuja hata baada ya kuoga maji ya moto, inastahili kipimo cha jeni.

Pili ni damu. Vimeng'enya vya ini (ALT na AST) pamoja na bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini huitoa kwenye damu, vipimwe kabla ya kuanza. Bila kipimo hicho cha mwanzo, vikipanda baadaye hakuna atakayejua kama ni kanabidioli au vilikuwa juu tangu zamani.

Tatu ni daftari. Kwa siku 28 kabla ya kuanza, andika kila mara kifafa kinapomshika: saa, aina, na muda kilipodumu. Usichanganye aina. Kuanguka ghafla kama mti uliokatwa ni safu moja, kutikisika mwili mzima safu nyingine, kukodoa macho na kupotea kwa sekunde kadhaa safu ya tatu. Piga video angalau moja ya kila aina, kwa sababu daktari wa neva atajifunza zaidi kwenye sekunde 40 za video kuliko kwenye maelezo ya nusu saa. Namba za siku hizo 28 ndizo zitakazoamua miezi sita baadaye kama dawa inaendelea au inaachwa.

Na uliza kuhusu ufuta. Mwenye mzio wa ufuta hafai kupewa dawa hii. Alkoholi iliyomo ni takribani miligramu 79 kwa mililita, kiasi kidogo sana, lakini familia ambayo jambo hilo lina uzito kwake kidini imwulize mwanachuoni wake mapema, kabla dawa haijaanza, kwa sababu kuikatiza katikati ndiko kwenye hatari.

KUIPIGIA HESABU

Dozi hufuata uzito wa mtoto na hutolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, zikipishana saa 12 hivi. Mwanzo ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, kila mara. Baada ya wiki moja hupandishwa kuwa miligramu 5 kwa kilo, kila mara. Kwa Dravet na Lennox-Gastaut wengi husimama hapo kwanza. Ikihitajika, daktari huongeza miligramu 2.5 kwa kilo kila wiki, mwisho ukiwa miligramu 10 kwa kilo kila mara. Kwa TSC hupandishwa taratibu vivyo hivyo hadi miligramu 12.5 kwa kilo kila mara.

Chukua mtoto wa kilo 16. Wiki ya kwanza: 16 mara 2.5 ni miligramu 40, na kwa kuwa kila mililita ina miligramu 100, hiyo ni mililita 0.4 asubuhi na 0.4 jioni. Wiki ya pili ni mililita 0.8 kila mara. Kilele cha Dravet kwake ni mililita 1.6 kila mara, na kilele cha TSC ni mililita 2.

Kosa baya kuliko yote hutokea kwenye nukta. Mililita 0.8 ikisomwa 8, mtoto amepewa mara kumi. Mwombe mfamasia aandike kwenye chupa mililita peke yake, na sifuri iwe mbele ya nukta. Kisha paka mstari wa rangi ya kucha kwenye bomba pale dozi inapoishia. Siku bibi au dada wa kazi akilazimika kumpa, atafuata mstari.

Kupandisha haraka hakuna faida. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Ikishazoeleka, nusu yake huchukua zaidi ya siku mbili kutoka. Ukipandisha leo, athari kamili utaiona wiki ijayo au baada ya hapo. Tena kwenye jaribio la watu 225 wenye Lennox-Gastaut, waliopewa miligramu 20 kwa kilo kwa siku walipungukiwa na kuanguka kwa asilimia 41.9, waliopewa 10 kwa asilimia 37.2, na waliopewa dawa bandia, isiyo na kanabidioli, kwa asilimia 17.2. Tofauti kati ya 10 na 20 ni ndogo, ilhali usingizi, kuharisha na matatizo ya ini huongezeka kadiri dozi inavyopanda. Ndiyo maana daktari mzuri hana haraka ya kwenda juu.

Mpime uzito kila mnapokwenda kliniki. Mtoto akiongezeka kilo nne huku dozi ni ileile, kwa hesabu ameshushiwa dawa bila mtu kukusudia.

BOMBA NA CHUPA

Ndani ya boksi mna kifuniko kidogo cha plastiki chenye tundu, cha kusukumwa kwenye mdomo wa chupa. Kisukume mpaka kikae sawa na mdomo, na usikitoe tena. Kikilegea kinaweza kumkaba mtoto. Dozi isiyozidi mililita 1 ipimwe kwa bomba la mililita 1, na iliyozidi hapo kwa bomba la mililita 5. Kijiko cha chai hakifai hata siku moja. Vijiko vya nyumbani havilingani, na mafuta hunata kwenye kijiko.

Sukuma kishikio cha bomba hadi mwisho, chomeka ncha kwenye tundu la kifuniko, pindua chupa kichwa chini, kisha vuta polepole hadi kwenye mstari. Ukiona povu la hewa, rudisha dawa yote ndani na uvute upya. Povu kwenye dozi ya 0.4 linaweza kula robo yake. Simamisha chupa kabla ya kuchomoa bomba.

Mtoto akae wima. Ncha iingie kati ya shavu na fizi, na dawa isukumwe taratibu kuelekea ndani ya shavu. Ukiirusha kooni atapaliwa, na mafuta yakiingia mapafuni ni hatari kuliko maji. Usiichanganye kwenye chupa ya maziwa wala kwenye bakuli la uji: mafuta hushika ukutani, na mtoto asipomaliza hutajua amemeza kiasi gani. Kama ladha inamsumbua, mpe kijiko cha kitu anachokipenda mara baada ya dawa.

Osha bomba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kabisa kabla ya kutumika tena. Tone la maji lililobaki hufanya dawa ionekane na ukungu. Chupa isimame wima, kwenye joto la kawaida la chumba, isigandishwe. Andika tarehe ya kuifungua. Kwa maelekezo ya Marekani, kinachobaki baada ya wiki 12 hutupwa.

Mtoto anayelishwa kwa mpira wa puani au wa tumboni anaweza kupewa, ila uliza mpira umetengenezwa kwa nini. Ule wa plastiki ya PVC haufai kwa dawa hii. Baada ya dozi, pitisha maji kiasi cha mara tano ya ujazo wa mpira, la sivyo sehemu ya dawa itabaki ukutani mwa mpira.

CHAKULA

Hapa ndipo wengi hupotea bila kujua. Dawa hii ni ya mafuta, na utumbo huichukua vizuri zaidi kukiwa na mafuta. Kwenye vipimo vya watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kilele cha dawa kwenye damu mara tano, na jumla iliyoingia mwilini mara nne, ukilinganisha na tumbo tupu. Kwa hiyo mtoto anayepewa leo kwa chai ya rangi na kesho baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka anapokea dawa mbili tofauti, ingawa bomba linasema 0.8 siku zote.

Chagua mtindo mmoja na ushikamane nao. Kama ni pamoja na chakula, iwe na chakula kila siku, na kiwango cha mafuta kikaribiane. Rahisi kwa nyumba nyingi ni kuifunga na staftahi na chakula cha jioni, ikiwa na kikombe cha maziwa au kitu kingine chenye mafuta kiasi kilekile. Ramadhani panga upya saa mapema, hata kama mtoto hafungi, kwa sababu ratiba ya jiko la nyumba nzima hubadilika. Mtoto aliye kwenye dieti ya ketojeni (lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana ya kutuliza kifafa), mtaalamu wake wa lishe ayaingize mafuta haya ya ufuta kwenye hesabu.

DAWA ZINAZOGONGANA NAYO

Klobazamu ndiyo ya kwanza. Kanabidioli huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja zao la klobazamu linaloleta usingizi, na zao hilo hupanda mara tatu hivi kwenye damu. Mtoto anasinzia mezani, anatokwa na mate, anayumba, kifua kinajaa makohozi. Mzazi huiona kanabidioli ndiyo mkosaji na kuiacha, wakati mara nyingi kilichotakiwa ni daktari kupunguza klobazamu. Piga simu, eleza kilichobadilika na tangu lini.

Valproeti (Epilim na majina mengine) hugongana nayo kwenye ini. Kwenye majaribio, wengi wa waliopandwa na vimeng'enya zaidi ya mara tatu ya kawaida walikuwa wanatumia valproeti pia. Asiyeitumia hupimwa damu mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Anayeitumia hupimwa kwa karibu zaidi: wiki ya 2, kisha mwezi wa 1, wa 2, wa 3 na wa 6. Dozi ikipandishwa kupita miligramu 10 kwa kilo kwa siku, ratiba ya vipimo huanza upya.

Kwa TSC kuna everolimasi na sirolimasi, ambazo watoto wengi hupewa kwa ajili ya uvimbe wa ubongo au figo. Kanabidioli huzipandisha sana kwenye damu, kwa hiyo kiwango chake kipimwe kabla na baada ya kuanza, na dozi yake ishushwe ikibidi.

Upande wa pili ni dawa zinazoishusha kanabidioli. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza kiasi chake kwa karibu theluthi moja. Familia ambayo mtoto ameanza dawa za TB na kifafa kimerudi, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Fenobabitoni na kabamazepini nazo huharakisha kazi ya ini, na daktari anatakiwa kujua kama zimo.

MADHARA, NA KIPI NI CHA HARAKA

Ya kawaida ni usingizi, kukosa hamu ya kula, kuharisha, kutapika na uchovu. Mengi hupungua ndani ya wiki chache au dozi ikishushwa kidogo. Akitapika muda mfupi baada ya dozi, usirudie kwa kubahatisha, uliza. Ukisahau dozi, iruke na uendelee na inayofuata kwa saa yake, wala usimpe mbili pamoja. Akikosa kwa zaidi ya siku saba, haanzi tena pale alipoishia: hupandishwa upya kutoka chini.

Macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito, maumivu ya tumbo upande wa kulia juu, kutapika kusikokoma: mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vimeng'enya vikizidi mara tatu ya kiwango cha juu huku bilirubini ikizidi mara mbili, au vikikaa juu ya mara tano, daktari huisimamisha dawa.

Kanabidioli si dawa ya dharura. Mshtuko ukipita dakika tano, kinachotakiwa ni midazolamu ya shavuni au diazepamu ya njia ya haja kubwa kama mmeandikiwa, na gari la wagonjwa. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

IMEFAA AU HAIJAFAA?

Tarajia nafuu, usitarajie kupona. Kwenye jaribio la Dravet la watoto na vijana 120, lililochapishwa 2017, mishtuko ya kutikisika ilishuka kutoka wastani wa kati wa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, na wasiopewa dawa walitoka 14.9 hadi 14.1. Wachache sana waliacha kabisa kupata mishtuko hiyo. Kwa TSC, waliopewa miligramu 25 kwa kilo kwa siku walipungukiwa kwa asilimia 48.6, na wasiopewa kwa asilimia 26.5. Namba hiyo ya pili ina la kufundisha: hata dawa bandia huonekana kufanya kazi, kwa sababu kifafa hupanda na kushuka chenyewe, na mzazi mwenye matumaini huhesabu kwa matumaini.

Rudi kwenye daftari. Linganisha siku 28 na siku 28, aina kwa aina. Kama alikuwa anaanguka mara 40 na sasa 26, amepungukiwa kwa asilimia 35. Uingereza, NICE, taasisi inayoelekeza matibabu ya huduma ya afya ya umma, imeweka mpaka: mishtuko isipopungua kwa angalau asilimia 30 ndani ya miezi sita, dawa iachwe. Ni kipimo kizuri hata kwa asiyeishi huko. Kuacha kufanyike taratibu. Kwenye majaribio dozi ilipunguzwa kwa asilimia 10 hivi kila siku kwa siku 10. Ini likiwa ndilo tatizo, daktari anaweza kuamua vingine.

MAFUTA YA MITANDAONI NA YA MTAANI

Piga hesabu kabla hujatoa pesa. Chupa ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 500 ina miligramu 16.7 kwa mililita. Yule mtoto wa kilo 16 kwenye dozi ya kati anahitaji miligramu 160 kwa siku, yaani karibu mililita 10. Chupa nzima inaisha kwa siku tatu. Anayempa matone matano asubuhi hampi dawa ya kifafa.

Na lebo zenyewe haziaminiki. Bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni na kupimwa maabara Marekani, utafiti uliotoka 2017, 26 tu zilikuwa na kiasi kinachokaribiana na kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC. Bangi iliyochemshwa au kukamuliwa nyumbani ni mbaya zaidi: THC yake ni nyingi, kiasi hakijulikani, na ubongo wa mtoto hauhitaji jaribio hilo.

MKISAFIRI NAYO KWENDA NYUMBANI

Uingereza na Marekani dawa hii ni ya cheti cha daktari tu. Kenya na Tanzania sheria za bangi ni kali, na afisa wa uwanja wa ndege halazimiki kujua tofauti kati ya kanabidioli na bangi. Miezi miwili kabla ya safari andikia Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, au TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania, ukiambatanisha barua ya daktari yenye jina la mtoto, ugonjwa, dozi na idadi ya chupa. Beba jibu lao lililochapwa. Ndege ikipitia Dubai, Falme za Kiarabu wana utaratibu wao wa kibali cha dawa, na usidhani kupita tu hakuhesabiki. Kama upo uwezekano wa njia nyingine, itumie.

Chupa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya boksi lake lenye lebo ya mfamasia. Kwa dozi ya mililita 1.6 mara mbili, chupa ya mililita 100 inatosha siku 31, kwa hiyo hesabu siku za safari na uongeze wiki mbili. Kinga ya malaria ijadiliwe na daktari huyohuyo: meflokwini, inayojulikana kama Lariam, haipewi mtu mwenye kifafa. Mwambie pia utakapokuwa, ili barua iwe na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku, na uweke mabomba mawili ya akiba, kwa sababu la mililita 1 lenye alama za 0.05 huenda usilipate kwenye duka la dawa la mtaani.